Mshono wa Zamani

Dokta Bisimwa alichora moyo nyuma ya karatasi ya deni la mtu.
Ukatoka kama kiazi kilichoanza kuota.
Akaweka ncha ya kalamu: mlango huu ndio uliochoka.
Miaka kumi na mitatu unafunguka na kufungika,
mlango wa nguruwe niliowekewa nikiwa na miaka kumi na sita,
na mama yangu, Msabato, mpaka leo anasema ni wa ng'ombe.

Tukiweka wa chuma, akasema, huo hauzeeki.
Ila damu itataka kuugandia, usiku na mchana,
nawe utameza kidonge cha kuilainisha, kila jioni,
mpaka siku ya mwisho.
Tukiweka wa mnyama tena, kidonge ni cha miezi michache,
lakini mwaka wa kumi, wa kumi na mbili,
watakufungua upya.

Mimi ni fundi. Nikamuuliza swali la fundi:
pale pale?
Akafunika kalamu. Pale pale.

Nguo ukiifumua mara moja husamehe.
Unavuta uzi, unapiga pasi, vitundu vinajifumba.
Mara ya pili hukumbuka.
Mara ya tatu kitambaa chenyewe kinakataa sindano,
inabidi utafute kiraka.
Kifua changu
utakitafutia kiraka cha duka gani?

Basi kidonge.
Lakini nimezaliwa Kadutu, hesabu naijua.
Damu ipimwe kila mwezi, na kipimo ni kola kumi na mbili za shule
nilizoshona na kulipwa.
Mashine ya maabara inataka umeme,
umeme unataka maombi.
Na mpaka wa Ruzizi ukifungwa, dawa inalala ng'ambo
pamoja na maziwa na mayai.
Halafu sombe: nisiiache, nisiizidishe,
nile kiasi kile kile, Jumanne kama Jumapili.
Nani amewahi kupimiwa sombe mezani kwa mama yake?

Mwalimu Cirimwami anao wa chuma.
Usiku, mkewe anasema, unasikika chini ya blanketi
kama mtu anayegonga kwa adabu.
Mwaka jana aling'oa jino, akatema damu siku mbili kwenye beseni.
Lakini nilimwona akipanda ngazi za Funu na gunia la makaa,
hakusimama hata kusalimia.
Mimi nasimama mara nne. Najifanya natazama ziwa.

Kuna jambo Dokta alilisema mlangoni, kwa sauti ya chini:
dawa hii na mimba hazikai nyumba moja.
Ukitaka mtoto, uje kabla, usije baadaye.
Murhula alikuwa amesimama kando yangu, ameshika bahasha ya picha.
Hakusema kitu. Hata kwenye teremko hakusema.
Kitanda kidogo cha Asifiwe hajakiuza;
kipo nyuma ya mlango, kimefunikwa gunia,
na Asifiwe sasa anavaa viatu namba thelathini.

Usiku umeme ukakatika. Nikaendelea kwa mguu,
mshumaa juu ya meza, sare ishirini na mbili za darasa la tatu.
Pini ikaniingia kidoleni.
Kwa kawaida hunyonya tu na kuendelea.
Safari hii nikakiweka kidole karibu na mwanga, nikahesabu:
kumi na saba, kumi na nane,
kumi na tisa. Ikakoma.
Nikakaa nikijaribu kuhesabu ile nyingine,
ile ambayo haikomi kwa kumi na tisa,
mpaka mshumaa ukalia wote mezani.

Asubuhi nilipitia sokoni, kwa yule mama wa vifungo.
Faranga mia tano, subana ya bati, imebonyea upande mmoja.
Murhula akanitazama nikiijaribu.
Tangu lini wewe unashona na subana?
Nikamwambia, kidole kimechoka.

Akanyamaza.
Kisha akaenda nyuma ya mlango, akaondoa lile gunia,
akakipangusa kitanda vumbi, taratibu, ubao kwa ubao,
akakifunika tena.